Swali la Goweko na Mashine ya Kumpiga Picha Panya



Mwezi Oktoba mwaka 1873, pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, ulifika msafara uliobeba maiti. Abdallah Susi, James Chuma na wenzao walikuwa wanamleta David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, alikofariki miezi michache kabla. Walibeba na masanduku yake, na humo mlikuwa na vyombo vyake vya kupimia. Kwihara walimkuta Mwingereza mwingine, Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa na Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kumtafuta huyo huyo Livingstone. Cameron akawashauri wamzike papo hapo. Wakakataa. Cameron naye akafungua masanduku, akachukua vyombo vingi alivyoona vitamfaa, akaendelea navyo magharibi. Mwaka 1875 akatokea pwani ya Atlantiki.

Vyombo vya namna hiyo vilisafiri mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, kwa njia hii hii yetu ya Tura, Rubuga, Kigwa hadi Unyanyembe, ilipo Kwihara. Vilipima maswali ya London: mto huu unaelekea wapi, ziwa lile liko juu kiasi gani ya usawa wa bahari. Yalikuwa maswali mazuri na majibu yake bado tunayatumia. Ila swali la mpagazi mwenyewe halikuwemo sandukuni.

Leo nazungumzia chombo kingine cha kupimia. Ni siti skani, ile mashine ya eksirei inayomzunguka mgonjwa ikatoa picha za mwili wake kipande kwa kipande, ila hii imetengenezwa kwa ajili ya wanyama wadogo: panya wa maabara, simbilisi, sungura mdogo. Watafiti wa magonjwa sugu ya mapafu humwangalia mnyama huyo akiwa hai, leo, baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu, wakaona pafu linavyochakaa au linavyopona. Nataka mashine ya namna hiyo inunuliwe na taifa letu. Na nataka kabla haijanunuliwa iandikiwe swali lake, swali litoke huku kwetu, kwa sababu swali ndilo linaloamua ni mashine ipi, iwekwe wapi, na zabuni yake isemeje.

Swali lenyewe ni moshi.

Anayelima tumbaku hapa Uyui anajua ninachosema. Tumbaku yetu ya Tabora ni ya mvuke. Majani yanafungwa kwenye vijiti, yananing'inizwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto unawashwa katika tanuri kutokea nje, na joto linapita ndani ya bani kwa mabomba ya bati. Siku tano, sita, saba, moto hauzimwi. Mwanzo ni wa taratibu ili jani ligeuke manjano. Mwisho unakolezwa mpaka joto la ndani lifike nyuzi sabini hivi, kikonyo kikauke kabisa. Usiku kucha kuna mtu mlangoni mwa tanuri. Analala kidogo, anaamka, anasukuma gogo la mtundu ndani zaidi, anaangalia kipimajoto, anarudi kulala. Bomba likitoboka anajua haraka, kwa sababu jani la tumbaku ya mvuke halitakiwi kuguswa na moshi. Likiguswa, daraja linashuka sokoni na bei inashuka nalo. Kwa hiyo jani linalindwa na moshi kwa uangalifu mkubwa sana. Anayechochea ndiye anayeupokea. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na minane, wakati mwingine ni mdogo kuliko huyo.

Akitoka banini anarudi nyumbani. Nyumbani mama anapikia kuni kwenye mafiga, na mtoto amembeba mgongoni, uso wa mtoto ukiwa sawasawa na moshi unapopandia. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama aliyepikia kuni kwa miaka thelathini tayari anayo mapafu ya miaka thelathini ya moshi, na mtungi wa gesi hauyarudishi nyuma.

Juu ya moshi kuna kifua kikuu. Mtu anameza dawa miezi sita, makohozi yanapimwa, hayana vijidudu, anaambiwa amepona. Amepona kweli. Lakini pafu lake limebaki na makovu, njia za hewa zimepinda, na akibeba debe la maji kutoka kisimani anasimama njiani kuhema. Kwa miaka mingi tiba iliishia pale makohozi yanapokuwa safi. Ni mwezi Julai 2019 tu ndipo wataalamu walipokutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu maisha ya mapafu baada ya kifua kikuu. Na hapa nchini, kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kilichopo Mbeya, kilishiriki katika utafiti uitwao TB Sequel pamoja na Gambia, Msumbiji na Afrika Kusini, uliowafuatilia wagonjwa hao hata baada ya dawa kuona pafu linaishia wapi. Hiyo ni kazi ya kujivunia.

Sasa changanya. Kijana wa bani aliyeugua kifua kikuu, akapona, akaenda Nzega kutafuta dhahabu, akasimama mbele ya karasha linalosaga mawe makavu na kuvuta vumbi la silika, kisha akarudi Goweko, hapa Uyui, msimu wa tumbaku. Pafu moja limepokea mambo matatu. Lipi limeliharibu zaidi? Moshi unaongeza kovu la kifua kikuu, au kila kimoja kinakwenda njia yake? Akiacha bani leo, kovu litasimama au litaendelea kutambaa? Ukimuuliza daktari wa zahanati hawezi kukujibu, na si kosa lake. Jibu halijapatikana kwa sababu huwezi kumchukua binadamu ukampa moshi peke yake, mwingine ukampa silika peke yake, ukalinganisha. Hapo ndipo panya wa maabara anapoingia.

Huko Ulaya na Marekani, panya anapoharibiwa pafu ili lichunguzwe, mara nyingi anavutishwa moshi wa sigara, au anawekewa kimeng'enya kiitwacho elastase, au dawa ya saratani iitwayo bleomaisini ambayo huacha kovu mapafuni. Sigara imepewa nafasi ya kwanza kwa sababu kwao sigara ndiyo iliyojaza wodi. Wamefanya sawa, wameuliza la kwao. Kwetu wodi inajazwa na mengine. Mwaka 2015 jarida la Lancet Global Health lilichapisha utafiti uliofanywa vijijini Masindi, Uganda, na watafiti akiwemo Bruce Kirenga wa Makerere. Waliwapima watu wenye zaidi ya miaka thelathini kwa spirometa, kile kipimo cha kupuliza, wakakuta asilimia 16.2 wana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Ni karibu mtu mmoja kati ya sita, kijijini, mahali ambapo moshi wa kuni umo karibu kila jiko. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba ugonjwa huo uliua watu milioni 3.23 duniani mwaka 2019, na kwamba katika vifo vya walio chini ya miaka 70, karibu asilimia 90 vilitokea nchi za kipato cha chini na cha kati. Walio wengi wanafia huku, na vifaa vingi vya kuchunguzia viko kule. Mimi siwezi kulikubali hilo likapita hivi hivi.

Mashine yenyewe inafanyaje kazi? Siti skani ina mzizi wa Afrika. Mwaka 1956 mwanafizikia Allan Cormack wa Cape Town aliombwa kusaidia katika hospitali ya Groote Schuur, akaanza kujiuliza namna ya kukokotoa kilichomo ndani ya mwili kwa kuupitishia mionzi kutoka pande nyingi. Mwingereza Godfrey Hounsfield akaja kuunda mashine yenyewe, na mwaka 1979 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja. Miaka ya mwanzo ya themanini Jim Elliott huko Uingereza akafanya jambo hilo hilo kwa kitu kidogo kabisa: picha zake za kwanza zilizochapishwa zilikuwa za konokono mdogo wa nchi za joto. Na hesabu inayotumiwa mpaka leo katika mashine nyingi za aina hii ilichapishwa mwaka 1984 na Lee Feldkamp na wenzake, waliokuwa wanafanya kazi kampuni ya magari ya Ford, wakitafuta nyufa ndani ya vipuri bila kuvipasua.

Panya wa maabara ana uzito wa gramu ishirini na tano hivi. Kifua chake chote kina upana wa sentimita mbili. Siti skani ya hospitali inatofautisha vitu vilivyoachana nusu milimita. Kwa binadamu inatosha, kwa panya inatoa ukungu. Mashine ya wanyama wadogo inashuka hadi sehemu ya ishirini ya milimita na chini ya hapo. Hata hivyo haioni kila kifuko cha hewa kimoja kimoja, kwa sababu vifuko vya panya ni vidogo kiasi hicho hicho. Inachoona vizuri ni msongamano wa pafu: penye hewa iliyozidi kwa sababu kuta za vifuko zimeliwa panakuwa peusi mno, penye kovu panakuwa peupe. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi ya kuvuta, mara nyingi isofluareni, juu ya kitanda chenye joto ili asipoe. Anahema mara nyingi sana kwa dakika hata akiwa usingizini, hivyo mashine inasoma pumzi yake na kuchagua picha za wakati ule ule wa pumzi, vinginevyo pafu lote linakuwa mvurugiko. Baada ya dakika chache anaamka na kurudi kwenye kizimba chake.

Hilo la kurudi kizimbani ndilo lenye thamani kubwa kuliko picha. Zamani, na bado mahali pengi, ukitaka kujua pafu likoje wiki ya kwanza unawaua panya kumi, wiki ya pili kumi wengine, wiki ya nne kumi wengine. Unalinganisha wanyama tofauti na kujifanya ni mmoja. Ukiwa na picha, kumi wale wale unawafuata mwanzo hadi mwisho, na kila mmoja analinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe. Chukua ile bleomaisini. Kovu lake kwa panya kijana hukua kwa wiki mbili tatu hivi, kisha mara nyingi huanza kupungua lenyewe. Mtafiti akianza kutoa dawa anayoijaribu wakati kovu limeshaanza kupungua, atashangilia uponyaji ambao hakuuleta yeye. Picha ya wiki kwa wiki inamzuia asijidanganye na asiwadanganye wagonjwa.

Najua wapo wanaosikia na roho inakataa: mnyama ateseke? Nakubaliana nao kwamba si jambo dogo. Mwaka 1959 Waingereza William Russell na Rex Burch waliandika kanuni ambayo sasa ni msingi wa utafiti wa wanyama duniani: tumia njia nyingine isiyo mnyama inapowezekana, punguza idadi yao, na punguza mateso. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mashine hii inatumikia ile kanuni ya kupunguza idadi. Ila hata yenyewe ina mpaka wake: ukimpiga panya mionzi mara nyingi mno, mionzi yenyewe inaweza kumharibu pafu ukadhani ni moshi. Kiasi cha mionzi lazima kiandikwe kila mara, kwa kila mnyama.

Iwekwe wapi? Kuna watakaotaka Dar es Salaam. Nasema Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Pale kuna madaktari wa mifugo wanaojua mnyama kabla ya kujua mashine. Na pale kuna panya buku wa APOPO. Shirika hilo lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, likaweka makao yake ya mafunzo Sokoine, na tangu mwaka 2007 panya hao wananusa makohozi ya washukiwa wa kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli mia moja kwa dakika ishirini hivi. Wanaleta majina ya wagonjwa ambao darubini za kliniki zimewapita. Panya buku si wa kuharibiwa mapafu, yeye ni mfanyakazi mwenzetu, na asiguswe. Ninachokitaka kutoka kwao ni watu: vijana wa Kitanzania waliomlea panya tangu hajafumbua macho, wanaojua kwa kumtazama tu kwamba leo hajala vizuri, wanaoandika kila siku daftarini. Utafiti wa wanyama huharibika mapema kwa sababu ya malezi mabaya kuliko kwa sababu ya mashine mbaya. Malezi Morogoro yapo.

Swali gumu zaidi ni lile la msikilizaji wa Goweko: zahanati yetu haina hata spirometa, nanyi mnataka kumpiga panya picha? Lina haki yake. Mwezi Septemba 2021 nchi yetu ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, takriban shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabili UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ilipeleka siti skani katika hospitali za rufaa za mikoa. Ulikuwa uamuzi mwema. Lakini spirometa bei yake ni ndogo mno mbele ya siti skani, na bado mgonjwa wetu wa pumzi anaweza kupimwa makohozi mara tatu, akaambiwa hana kifua kikuu, akapewa antibayotiki na kurudishwa nyumbani bila mtu kumwambia apulize. Kwa hiyo nasema wazi: fedha ya mashine ya panya isitoke kwenye fungu la zahanati. Itoke kwenye fungu la utafiti, kupitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia na washirika wa utafiti, na iwe mashine moja kwa nchi nzima, milango wazi kwa Mbeya, Mwanza, Muhimbili na kwa majirani wa Makerere na Nairobi. Kununua mbili au tatu kwa kugawana sifa za vyuo itakuwa dhambi.

Tuje kwenye kununua. Bei yake ni laki kadhaa za dola. Kwa fedha zetu inaweza kufika au kupita shilingi bilioni moja. Watu huishia hapo, kana kwamba kununua ndiyo kazi yote. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin, wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walikusanya orodha za vifaa vya hospitali katika nchi zenye uwezo mdogo, wakakuta asilimia 38.3 ya vifaa havifanyi kazi. Sababu walizozitaja ni mafunzo, usimamizi na miundombinu. Umeme, mtu wa kuviwasha, na mtu wa kuvitengeneza.

Kwa hiyo zabuni isiandikwe kwa kunakili kijitabu cha muuzaji. Swali letu lina kifua kikuu ndani yake. Panya mwenye vijidudu vya kifua kikuu hawezi kuletwa kwenye chumba cha kawaida; anahitaji maabara ya usalama wa ngazi ya tatu, na analazwa ndani ya chombo kilichofungwa chenye kichujio cha hewa wakati wa kupigwa picha. Ukinunua mashine isiyokubali chombo hicho, umeshafunga mlango wa kifua kikuu siku ulipotia sahihi, na utagundua baada ya miaka miwili. Swali letu lina moshi wa kuni. Basi kuwe na chumba cha kuvutishia moshi chenye vipimo vya chembe, na magogo yaletwe ya mtundu kutoka huku. Swali letu lina silika. Hiyo ni rahisi zaidi, haihitaji kizuizi cha vijidudu, na ndiyo ningeanza nayo pamoja na moshi wakati maabara ya kifua kikuu inaandaliwa.

Muuzaji atakuja na mashine iliyounganishwa na PET, ile inayotumia dawa zenye mionzi. Inavutia machoni. Lakini dawa inayotumika sana, fluorini-18, inapungua nusu kila baada ya dakika 110, na utaitegemea siku zote mitambo ya kuitengeneza na barabara ya kuisafirisha. Ikataliwe kwa sasa. Fedha hiyo inunue mirija ya eksirei ya akiba. Mrija wa eksirei unakwisha kama betri, hilo si hitilafu, na ule wa kubadilisha ni ghali. Mkataba useme bei yake leo na bei hiyo isimame kwa miaka kadhaa. Leseni ya programu isikatike siku ya mwisho wa mwaka tukashindwa kufungua picha zetu wenyewe. Picha zitoke katika muundo unaosomwa na programu huria. Akiba ya data inunuliwe siku ile ile, kwa maana picha moja inaweza kula gigabaiti kadhaa, na mradi wa mwaka mmoja unajaza diski mapema. Vidhibiti vya umeme na betri za kutosha kumaliza picha iliyoanza viwe sehemu ya bei, visiwe ombi la baadaye.

Mhandisi wa kuitengeneza asitoke Ulaya kila mara. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha mafundi wa vifaa tiba. Wawili wapelekwe kiwandani kabla mashine haijapakiwa melini, washinde kule wakiifungua na kuifunga, warudi nayo. Tume ya Nguvu za Atomiki ihusishwe tangu ramani ya chumba, maana mashine ya mionzi haifungwi bila kibali chake, na chumba kikijengwa kabla ya kuulizwa kinabomolewa. Mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, NeST, unaruhusu kila mwananchi aliye makini aone tangazo la zabuni. Ningependa mwalimu wa sayansi wa sekondari hapa Uyui alisome na wanafunzi wake. Na malipo ya mwisho yasitolewe kwa kuwaka kwa taa. Yatolewe siku ambayo panya kumi wamefuatiliwa kwa wiki nane, picha zote zipo, na mtu mwingine asiye wa kampuni amezisoma na kuridhika.

Mashine ya msaada nayo? Ikija imetumika, na mrija umechoka, na kampuni haitengenezi tena vipuri, tukatae kwa adabu. Kukataa kutatugharimu kidogo kuliko kuipokea.

Kuna kazi isiyohitaji kusubiri chochote kati ya hivyo, na inaweza kuanzia hapa. NIMR ina kituo chake Tabora. Kituo hicho kimetumia miaka mingi kwenye malale, ugonjwa wa mbung'o wa miyombo hii hii, yaani utaratibu wa kuuliza swali la porini kwetu na kulijibu kitaalamu upo, haujaja jana. Wataalamu wake wapewe fedha kidogo ya kwenda Goweko na Igalula na spirometa, wawapulizishe wanaochochea mabani, wanawake wa mafiga na waliomaliza dawa za kifua kikuu. Waandike umri, miaka ya bani, aina ya kuni. Wapime chembe za moshi mlangoni mwa tanuri na ndani ya jiko, usiku na mchana. Wafunge magunia machache ya magogo yaendayo Morogoro kwa treni. Bila namba hizo, panya wa Morogoro watavutishwa moshi wa kubahatisha, na jibu litakuwa la kubahatisha.

Vyama vya msingi vya ushirika vya tumbaku, AMCOS, navyo viseme neno. Vinajua kila bani liko wapi na nani analichochea. Orodha hiyo ina thamani kwa mtafiti. Viongozi wa AMCOS mnaonisikia, wekeni ajenda hii kwenye mkutano mkuu ujao, na mdai jambo moja kwa kubadilishana na ushirikiano wenu: matokeo yasomwe kwanza hapa, kwa Kiswahili, mbele ya waliopimwa, kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote.

Majani ya kwanza yanaanza kuingia banini Januari hivi. Vipimo vya moshi viwe vimeshafungwa milangoni kabla ya hapo.